Filta ya bei chee ilivyoiua Noah ya binamu

Leo sina habari ya mapenzi wala ya fasheni. Leo nimefungua boneti. Na nyie akina dada msigeuze ukurasa, maana siku hizi mnaendesha kutushinda sisi, na kuna mafundi wakiwaona tu mnaingia gereji wanajua shamba la bibi limefika.

Swali la wiki hii ni dogo lakini linauma. Ukienda dukani kununua ea klina, yaani ile filta ya hewa ya gari, uchukue yenye nembo ya kiwanda kilichotengeneza gari lako, au uchukue ya kampuni nyingine kwa nusu ya bei? Na zile za rangirangi ambazo masela wanazifunga ili gari lingurume, nazo vipi?

Ukiwauliza watu pale stendi ya Moshi, wengi watakujibu bila kufikiri: "Filta ni filta bwana, karatasi tu ile." Binamu yangu naye alijibu hivyo hivyo. Sasa kaa vizuri nikusimulie.

Binamu alikuwa na Noah ya abiria, inapanda Kibosho na kushuka mjini. Hakuiokota. Nusu ya fedha ilikuwa akiba ya miaka aliyopiga deiwaka kwenye magari ya watu. Nusu nyingine ilikuwa mkopo wa SACCOS, na aliyemdhamini ni mama yake, shangazi yangu, mwanamke ambaye mali yake yote ni kihamba chenye migomba na kahawa, na ng'ombe wawili wa maziwa. Kwa hiyo ile Noah ilipokuwa inapanda mlima, ilikuwa imembeba na shangazi, hata kama yeye amekaa nyumbani anamenya ndizi za mtori.

Ikafika mwezi wa saba. Wenyeji mnajua vumbi la Julai. Lami imepanda sehemu nyingi za mlima, lakini ukichepuka tu kuingia kijijini, udongo mwekundu unakupokea kama mgeni wa harusi. Fundi akamwambia filta imechoka. Binamu akaenda dukani, duka lenyewe silitaji. Akawekewa mbili mezani. Ya kwanza bei yake ilimfanya akohoe. Ya pili ilikuwa robo ya bei hiyo, nayo ipo kwenye boksi lenye nembo ile ile, linang'aa kama zawadi ya Krismasi.

Muuzaji akamwambia, "Mangi, hizi zote zinatoka sehemu moja. Sasa wewe unataka kulipia boksi?"

Na sisi tunavyojulikana kwa hesabu! Mtu akikwambia unalipia boksi, roho inakuuma. Akachukua ya bei chee, na chenji akapitia kitimoto.

Gereji, filta ikagoma kukaa. Raba yake ya pembeni ilikuwa ngumu kama katambuga. Spana boi akaisukuma kwa kiganja, akabana klipu tatu, ya nne ikakataa, akaifunga na waya. "Tayari braza, kazi iendelee."

Kazi ikaendelea kweli. Agosti safi. Septemba safi. Oktoba gari likaanza kula oili, binamu akawa anaongeza tu na kulaumu oili. Novemba likawa zito kuwaka asubuhi. Ikaja Desemba, na hapa lazima umuelewe dereva wa Kilimanjaro. Desemba ndiyo mavuno yake. Wachaga wote wa Dar, Mwanza na kwingineko wanarudi nyumbani, na kila mtu ana mabegi, ana watoto, ana katoni za soda. Wiki mbili zile unaweza kulipa marejesho ya miezi kadhaa.

Tarehe 23 Desemba, Noah imejaa hadi mlangoni, katikati ya mlima ikaanza kutoa moshi wa bluu. Ikapungua nguvu, ikapungua, ikasimama. Abiria wakashuka na mabegi yao kuanza kutembea. Mama mmoja mtu mzima akampita binamu, akamwangalia kwa huruma, akamwambia, "Pole mwanangu. Gari lako linavuta sigara sana."

Likavutwa hadi Pasua kwa fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Hakugusa injini. Alifungua kwanza bomba linalotoka kwenye boksi la filta kwenda injini, akaingiza kidole, akakitoa. Kidole chekundu. Akamwonyesha binamu. "Kijana, nusu ya Kibosho umeihamishia humu ndani."

Sasa tuelewane kilichotokea, maana bila kuelewa hapa hata nikikushauri utasahau kesho.

Injini inapumua kama wewe, tena inapumua kwa pupa. Ili kuchoma lita moja ya petroli inahitaji kama kilo 11 za hewa. Kwa hewa ya hapa Moshi hiyo ni karibu lita 10,000. Chukua yale mapipa ya lita 200, panga hamsini uani kwako. Hiyo ndiyo hewa ya lita moja ya mafuta. Sasa piga hesabu ya Noah inayotafuna mafuta kutwa nzima, na hewa yenyewe ndiyo ile inayotimuliwa na Hiace iliyo mbele yake.

Vumbi letu lina chembechembe za mawe na mchanga, nyingine ndogo kuliko upana wa unywele mara kadhaa. Huzioni kwa macho, lakini ni ngumu, zinakwaruza chuma. Zikipita zinakutana na oili kwenye kuta za silinda, na mchanganyiko wa oili na vumbi ni msasa wa maji. Kila pistoni inapopanda na kushuka, inajisugua. Ringi zinalika, silinda inapanuka, oili inapenya inakochomwa mafuta, ndiyo ule moshi wa bluu. Bandu bandu huisha gogo. Hakuna taa itakayowaka kukwambia.

Jambo hili si geni. Mmarekani Frank Donaldson, muuza matrekta, alibuni kichuja hewa chake mwaka 1915 baada ya kuona injini za matrekta ya wakulima zinakufa kwa vumbi. Wazee wenye Land Rover za zamani wanakumbuka bakuli la oili chini ya kichuja hewa: hewa inapita juu ya oili, vumbi linanasa humo, Jumamosi unamwaga tope na kuweka oili nyingine. Kwa kifupi ni kama mbege. Hakuna mama anayejiheshimu anayempa mgeni mbege isiyochujwa. Kwa nini injini uipe hewa yenye makapi?

Haya, turudi kwenye swali letu la dukani. Watu wanazichanganya filta za aina nne kwa jina moja, na hapo ndipo wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Ya kwanza ni orijino, yenye nembo ya mtengeneza gari. Hii haina ubishi, ubishi uko mfukoni kwako tu.

Ya pili ni ya kampuni nyingine inayotengeneza filta kwa jina lake yenyewe, bila kujificha. VIC ya Japani, Sakura ya Indonesia, Mann na Mahle za Ujerumani, Bosch, na wengineo. Hawa kazi yao ni filta, na baadhi yao hata viwanda vya magari vinanunua kwao. Hii si feki, jamani. Kumwita huyu feki ni kama kusema chapati ya mama Neema ni feki kwa sababu hakuipika mama yako.

Ya tatu ndiyo feki yenyewe. Huyu hana jina lake, anaiba la mwenzake. Ndiye aliyekutana na binamu. Anajua wewe unaangalia boksi, kwa hiyo fedha yote kaiweka kwenye boksi. Ndani karatasi jepesi, mikunjo michache, gundi imetapakaa, raba haikai.

Ya nne ni zile za michezo, za pamba iliyopakwa oili, unaosha na kutumia tena. Maarufu kuliko zote ni K&N, kampuni iliyoanza California mwaka 1969 na watu wa pikipiki. Zina sifa yake: hewa inapita kirahisi, na hutupi kila mara. Lakini sikiliza upande wa pili. Kitu kinachopitisha hewa kirahisi, kwa kawaida hupitisha na vumbi zaidi kuliko karatasi nzuri. Kwenye lami ya Ulaya hutajua. Kwenye njia ya Uru mwezi wa nane utajua. Halafu ukiiosha ukapaka oili nyingi, inarushwa kwenye kifaa kinachopima hewa, gari linaanza kukohoa na taa ya injini inawaka. Na ile ya koni inayofungwa wazi bila boksi ndiyo balaa zaidi. Inavuta hewa ya moto iliyo chini ya boneti, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo umelipa fedha ili gari lipungue nguvu huku likipiga kelele.

Nasikia kijana mmoja ananibishia: "Lakini braza, gari langu likipanda Marangu linakuwa zito, lazima filta inabana." Sikia mshikaji. Moshi mjini tuko kama mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari. Geti la Marangu liko juu ya mita 1,800. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, injini isiyo na tabo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu, kwa sababu hewa yenyewe inakuwa nyembamba. Kule kileleni, mita 5,895, msukumo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, ndiyo maana watalii wanahema kama wamefukuzwa na nyuki. Mlima ndio unaokunyima hewa, si filta. Hakuna filta duniani inayotengeneza hewa. Teremsha gia, panda taratibu, usitoe fedha.

Na kuna hili la mafuta. Kila gereji utaambiwa filta chafu inakula mafuta. Kwa magari ya kabureta kuna ukweli. Lakini mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge kule Marekani ilichukua magari ya kisasa, yale ya EFI yanayoongozwa na kompyuta, ikayaziba filta makusudi na kuyapima. Ulaji wa mafuta haukubadilika kiasi cha kuhesabika. Kilichopungua ni gari kuchanganya. Sababu ni kwamba kompyuta inapima hewa iliyoingia na kupunguza mafuta kulingana nayo. Hivyo anayekuuzia filta kwa kukuahidi kwamba utapunguza mafuta, mkazie macho.

Maana yake nini? Maana yake filta chafu kidogo si adui yako mkubwa. Tena nikuchekeshe: filta ya karatasi iliyokwishapata vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko ikiwa mpya kabisa, kwa sababu lile vumbi lililonasa linasaidia kuziba vitundu. Adui ni filta inayovuja. Iliyotoboka, isiyokaa, iliyofungwa na waya. Noah ya binamu haikufa kwa uchafu wa filta. Ilikufa kwa uwazi mwembamba kama ukucha, pale klipu ya nne ilipokataa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini hauna tofali za kuchoma.

Kwa hiyo kabla hujalipa, fanya hivi. Nenda na filta yako ya zamani, au kariri namba yake. Ziweke mbili sambamba: urefu, upana, kimo, wingi wa mikunjo. Bonyeza raba kwa kidole, inatakiwa ibonyee na kurudi. Washa tochi ya simu upande wa ndani: mwanga upenye hafifu na sawasawa, usione hata nukta moja inayong'aa. Nusa gundi, angalia kona. Na dai risiti. Muuzaji anayeweweseka ukitaja risiti amekwishakujibu swali lako. Tena usisahau, bidhaa feki ni kosa kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Risiti ndiyo mdomo wako.

Ukishafunga, usiondoke na furaha tu. Baada ya siku tatu nne za vumbi, zima gari, fungua lile bomba linalotoka kwenye filta kwenda injini, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka cheupe, lala usingizi. Kikitoka chekundu, simamisha gari siku hiyo hiyo, usingoje wikiendi.

Na hili la kupuliza kwa kompresa, jamani tupunguze. Kila nikipita gereji naona spana boi kashika filta ya karatasi, anaipiga upepo wa kujazia tairi la lori. Karatasi ile inachanika kidogo kidogo, matundu yanapanuka, halafu unairudisha ukijisifu umebana matumizi. Kama umebanwa sana, puliza upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, mara moja, halafu piga tochi. Kuiosha na Omo au petroli ndiyo usithubutu. Na usiifungue kila Jumapili kwa kuionea huruma, maana kila ukifungua vumbi linadondokea upande safi. Iangalie kila unapobadili oili. Kitabu cha gari kinakupa kilometa za kubadili kwa barabara za kawaida, kisha kinakwambia kwenye vumbi uwahi zaidi. Sisi tunaopanda na kushuka vijijini, hiyo sentensi ya pili ndiyo ya kwetu.

Sasa jibu langu, usije ukasema nimezunguka mbuyu. Filta isiyo ya orijino inafaa kununua? Inafaa, tena sana, ikiwa ni ya kampuni yenye jina lake, imekaa vizuri kwenye boksi, na klipu zote zimefunga. Bora ya bei ya kati unayoibadili mapema kuliko orijino unayoipuliza miaka miwili. Ya michezo waachie wenye gari la kutembelea mjini na fedha ya kuchezea. Feki hata ukipewa bure, kataa.

Unataka kujua binamu aliishia wapi? Injini ilikuwa imekwisha, fundi akasema kuifufua ni gharama karibu na ya kununua nyingine ya mtumba. SACCOS haikusubiri, haina binamu. Januari shangazi aliuza ng'ombe mmoja. Hakupiga kelele wala hakumlaani mwanawe. Alimwita tu asubuhi ile mnunuzi alipokuja, akampa kamba, akamwambia, "Mtoe wewe baba, mimi siwezi kumwangalia." Binamu alinisimulia hilo mwenyewe, akiangalia pembeni.

Noah iko barabarani tena. Ukiipanda utakuta kitambaa cheupe kimening'inia kwenye kioo cha ndani, pale wengine wanapoweka rozari au manukato. Abiria wanadhani ni urembo. Mimi na wewe tunajua.

Kwa leo naishia hapa. Wewe wiki hii fungua boksi la filta yako, hesabu klipu. Ukikuta waya, usinipigie mimi, mpigie fundi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.